Tairi Nalo Lina Umri, Jamani!

Leo naomba niwaudhi watu. Nitawaudhi wauzaji wa matairi, nitawaudhi wenzangu tunaoendesha pikipiki kubwa za spoti, na mwishoni nitawaudhi waandishi wa habari, nikianza na mimi mwenyewe. Atakayebaki bila kuudhika ni yule anayetembea kwa miguu, na hata yeye asicheke sana, maana sisi tukiteleza ni yeye tunayemfuata pale kituoni.

Chokochoko imeanza Jumamosi. Rafiki yangu alikuja kijiweni na pikipiki yake, kaifunga bomba jipya la moshi, linaunguruma utadhani simba wa Mikumi kaingia Sinza. Tukasifu wee! Mimi nikainama kuangalia tairi la nyuma. Limeisha katikati, limekuwa bapa kama chapati. Nikamwuliza atabadilisha lini. Akanijibu, "Kaka, natafuta la mtumba, lenye kashata nene, bei poa. Jipya la nini?" Kijiwe kizima kikamuunga mkono. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mnafiki, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa mwaka 2023, masika ndiyo yanaanza. Nilikuwa na Honda CBR600RR iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Tairi la nyuma limekwisha, na mfuko ni wa mwandishi wa habari, mnaujua. Nikaenda Kariakoo, duka moja ambalo sitalitaja. Jamaa akanitolea tairi linang'aa, jeusi tii. "Mtumba wa Japani huo, namba moja. Ona meno yalivyo, hili halijala lami!" Laki tatu. Jipya lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilitoka pale najiona mjanja wa mji.

Siku ya nne yakanyesha manyunyu. Niko Barabara ya Sam Nujoma, natoka Mwenge naelekea Ubungo, mwendo haufiki hata 40. Nikakata kona kuingia kushoto, nikaongeza mafuta kidogo tu, nyuma ikaondoka kama imekanyaga sabuni. Nikajikuta nimekaa kwenye lami naitazama pikipiki yangu ikiserereka kuelekea kituo cha daladala, ambako alikuwa amesimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Ilisimama hatua mbili kabla ya kumfikia. Hatua mbili! Mimi nilivunjika kidole na kuchunika goti, hayo yalipona. Yule mama hakunitukana. Alinitazama tu, na yale macho ninayo mpaka leo.

Watu wakanipa pole, wakasema kama tunavyosema siku zote: ajali haina kinga. Nami nikakubali, mpaka fundi aliponiita akanionyesha ubavu wa tairi. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu kama yai. Zilisomeka 0911. "Wiki ya tisa, mwaka 2011," akasema. Tairi langu "jipya" lilikuwa na miaka 12. Siku linatoka kiwandani mimi nilikuwa kidato cha pili!

Basi hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za matairi, na hasira yangu ikaanzia hapo hapo. Mpira unazeeka. Hewa, joto na jua vinaula hata kama haujatembea kilomita moja. Unakauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami. Kwa hiyo meno marefu si cheti cha afya. Wakati mwingine ni ushahidi kwamba tairi lilisahaulika stoo au lilianikwa juani miaka mingi, kisha likapakwa dawa ya kung'arisha ili wewe na mimi tulipende. Meno kazi yake ni kuyapisha maji. Kushika lami ni kazi ya mpira wenyewe, ndiyo maana pikipiki za mashindano kwenye lami kavu hukimbia na matairi yasiyo na jino hata moja. Na kumbukeni, kila tairi letu linagusa barabara kwa eneo kama la kiganja. Gari lina viganja vinne, sisi tuna viwili.

Michelin wenyewe wanashauri kwamba tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe litolewe hata kama linaonekana zima. Hao ni watu wanaouza matairi mapya, utasema wanatafuta wateja. Sawa. Lakini mimi nimeanguka bila kuuziwa chochote na Michelin.

Muuzaji naye anazijua zile tarakimu nne. Ndiyo maana ukimwuliza anakugeuzia upande wa pili. Ukisikia "hizo ni namba za kiwanda tu kaka", mshukuru, ondoka.

Sasa zamu yetu waendeshaji. Sisi tuna ugonjwa wa mapambo. Pikipiki ya 600 imetoka kiwandani na tairi la nyuma la 180/55 ZR17, mtu anataka 190 ili lionekane nene. Rimu ni ile ile ya inchi tano na nusu! Tairi pana likibanwa kwenye rimu isiyolitosha linabadilika umbo, na ukiilaza pikipiki kwenye kona haiendi kama ilivyokusudiwa. Unalipa zaidi ili upate pungufu.

Wengine wanatafuta matairi ya mashindano yaliyotumika, eti "kama ya MotoGP". Ndugu yangu, mbio za MotoGP za Jumapili ni kama kilomita 100 hadi 120 hivi. Tairi lile linapashwa moto kwa blanketi la umeme kabla ya kutoka, linafanya kazi likiwa na joto kali, na mbio zikiisha limemaliza kazi yake. Wewe unalifunga uende nalo kazini Posta, unasimama kila taa, linapoa, mvua inakukuta Magomeni. Hapo unaendesha jiwe la duara.

Mtu akiniuliza leo achague vipi, namjibu hivi. Kwanza saizi ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa hizi 600 nyingi ni 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Pili, soma namba za uzito na kasi. Ukiona 73W, maana yake tairi linabeba hadi kilo 365 na limepimwa kwa kasi ya 270 kwa saa. Usishuke chini ya ile ya kiwandani hata kama hukimbii. Tatu, mbele na nyuma yawe ya familia moja, na usichanganye la radiali na lisilo la radiali. Nne, mshale wa ubavuni uelekee linakozungukia. Tano, zile tarakimu nne. Mimi siku hizi likizidi miaka mitatu silipi. Na ukishafunga, kilomita 150 za kwanza nenda polepole, maana tairi jipya nalo linateleza mpaka uso wake ukwaruzike.

Najua hoja iliyobaki: pesa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyoniangusha. Ila tuwe wakweli. Bomba la moshi tumepata pesa. Stika na taa za rangi tumepata pesa. Tukifika kwenye tairi ndiyo tunakuwa wanyonge? Tena kama shida ni pesa kweli, jibu si mtumba wa miaka 12. Kuna matairi ya spoti ya safari ndefu, kama Michelin Road 6 au Pirelli Angel GT, yanayopata joto upesi, yanayopenda mvua na yanayodumu kuliko yale laini ya mbio. Hayana sifa kijiweni, lakini kwa barabara za Dar es Salaam ndiyo saizi yetu. Na kama hata hayo hatuyawezi, basi pikipiki ipaki, tupande daladala mpaka tuyaweze. Nasema hivyo nikijua inauma. Mimi niliipaki miezi mitatu.

Nimalizie na sisi waandishi. Mwaka 2013 mwigizaji Paul Walker alikufa ndani ya Porsche kule California. Wapelelezi walisema chanzo kikuu ni mwendo kasi, lakini hawakuishia hapo. Waliangalia na matairi, wakakuta yana umri wa miaka tisa, wakaeleza kwamba huenda yaliathiri jinsi gari lilivyoshika barabara. Mtu mashuhuri, gari la mamilioni, matairi yamezeeka. Sisi huku pikipiki ikianguka tunaandika mistari ile ile: "mwendo kasi", "dereva alishindwa kuimudu". Nimeiandika mwenyewe, sijui mara ngapi, nikiwa nimesimama mita mbili kutoka kwenye tairi lenye jibu limechongwa ubavuni. Sikuwahi kuinama. Pengine nusu ya wale niliowaita wazembe walikuwa wazembe kweli. Wengine waliuziwa uzee wakaambiwa ni uzima, na mimi nikawazika mara ya pili kwa kalamu.

Kuna ajali zisizo na kinga, sibishi. Yangu ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ni tarakimu nne ambazo mtoto wa darasa la pili anazisoma. Tusimsingizie Mungu mambo ya stoo.

Kwa hiyo leo, kabla hujawasha, inama. Futa vumbi, tafuta kile kiduara. Pima na upepo ukiwa hapo hapo, tairi likiwa la baridi. Kwa CBR600RR kama yangu ni 36 mbele na 42 nyuma. Wewe soma cha kwako. Haikuchukui hata dakika tano.

Rafiki yangu nimempeleka Jumatatu. Kanuna njia nzima, bomba lake kaliuza, tairi kanunua. Hajanisamehe bado. Nitasubiri.

Nawasilisha.