Nani Alisema Vijana wa Marani ni Wavivu?



Ndugu yangu, dada yangu, kama vyeti vyako bado viko kwa bahasha na hujapata kazi, haya maneno ni yako. Na kama umepata kazi lakini nyumbani watu wanne wanangoja huo mshahara wako, pia ni yako.

Huku kwetu Marani ukionekana sokoni saa nne asubuhi siku ya kazi, hukumu imeshatoka. Mzee atasema vijana wa siku hizi mnataka kazi ya kukaa kwa kiti. Mwanasiasa atasema mjiajiri. Ukikimbilia msikitini upumzike, kuna mtu atakukumbusha kwamba rizki iko kwa Allah, na kwa sauti ya chini aulize kama unaswali Alfajiri. Kila mmoja ana sababu yake, na ajabu ni kwamba sababu zote zinaanzia kwako na kuishia kwako. Hakuna anayetaja kahawa. Deni la serikali nalo halitajwi kabisa.

Wacha tuzitaje.

Kwanza hesabu. Shirika la Takwimu, KNBS, linasema mwaka wa 2024 uchumi wa Kenya ulitoa nafasi mpya za kazi 782,300. Ukisikia hivyo utadhani mambo yako sawa. Endelea kusoma. Kati ya hizo, 703,700 ni za jua kali. Zile zingine, za mshahara na barua ya kuajiriwa, zilikuwa 78,600 kwa nchi nzima. Gawanya kwa kaunti 47, unapata kama 1,670 kwa kila kaunti, na sote tunajua hazigawanywi hivyo. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo, anayelipa mwenyewe kila jioni na kubaki na pesa ya chapati, huyo kwa hesabu ya serikali ni mtu ameajiriwa. Sidharau boda wala mjengo, nimekula pesa ya mjengo mimi mwenyewe. Lakini tusidanganyane kwamba hiyo ndiyo ajira tuliyoahidiwa.

Sasa tuje kwa kahawa, maana hapa ndipo hadithi ya Marani iko.

Miaka ya 1930, wakati mkoloni alikuwa amewazuia Waafrika wengi kupanda kahawa, Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuruhusiwa. Babu zetu walishika hiyo nafasi kwa mikono miwili. Uliza mzee yeyote huku Kitutu, atakuambia malipo ya kahawa yalikuwa yanafanya nini. Yalilipa karo. Yalinunua mabati. Na hapo ndipo watu hukosa kuona: mwenye kahawa akilipwa, fundi wa nyumba amepata kazi, fundi cherehani amepata kazi ya sare za shule, mwenye duka ameuza, mwenye matatu amebeba. Mti mmoja ulikuwa unaajiri watu ambao hawana hata mti mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa inatoa karibu tani 130,000 za kahawa kwa mwaka. Siku hizi tunazungumza kama tani 50,000. Ni uvivu uliofanya hivyo? Julai 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unapangia kila nchi kiasi cha kuuza ulivunjika, bei ikaanguka. Mara tu baada ya hapo, miaka ya 1990, Benki ya Dunia na IMF wakatupa masharti: serikali ipunguze kuajiri, ifungue soko, ijiondoe kwa mambo ya mkulima. Afisa wa kilimo aliyekuwa anakuja mpaka shambani akapotea. Mbolea ya mkopo ikawa shida. Ndani ya vyama vya ushirika nako, tuseme ukweli, watu wetu wenyewe wakala. Mkulima akauza kahawa, akangoja malipo miezi na miezi, mwishowe akang'oa mti akapanda ndizi na mahindi. Hao wenye kung'oa miti ndio wazee wetu hawa wanaotuita wavivu. Wanajua kilichotokea, ni vile tu hakuna aliyewaunganishia.

Na ardhi haijaongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba Kisii. Baba aliyekuwa na ekari tatu ana wavulana wanne. (Mabinti pia wana fungu lao kwa sheria ya Allah, na Waislamu wa huku tunajifanya hatukumbuki, lakini hiyo tutaiongea siku nyingine.) Kwa hivyo ukimwambia kijana wa Marani arudi shambani, mwonyeshe kwanza hilo shamba. Hata hiyo kahawa kidogo iliyobaki, nyingi tunaiuza mbichi. Kazi ya kuikaanga, kuipakia na kuibandika jina inafanywa na vijana wa nchi zinazotununulia.

Najua kuna wenzetu wasomi wanasema shida ni ujuzi, kwamba vyuo vinatoa vijana ambao soko haliwataki. Kuna ukweli hapo. Diploma za usimamizi wa biashara tuko nazo nyingi, na ukitaka mtu wa kutengeneza friji ya duka unatafuta wiki nzima. Lakini kama ujuzi ndio sababu kubwa, nieleze habari ya madaktari. Machi 2024 madaktari waligoma, mgomo ukaenda siku 56, na moja ya mambo makubwa ilikuwa vijana waliomaliza udaktari: walikuwa hawapelekwi hospitalini kufanya mafunzo ya kazi, na serikali ilikuwa inataka kuwalipa shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokuwa kwa makubaliano. Hawa wamesoma miaka sita. Wagonjwa wapo, foleni unaziona. Walimu wa sekondari msingi ni hivyo hivyo, waliingizwa madarasani kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ujuzi wanao na kazi ipo. Kilichokosekana ni pesa ya kuwalipa.

Pesa iko wapi? Zaidi ya nusu ya kodi yote inayokusanywa Kenya inaenda kulipa madeni. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya zaidi ya asilimia 10 ili tulipe mkopo wa 2014 uliokuwa unaiva. Yaani tulikopa ili tulipe tulichokopa. Hapa nyumbani nako serikali ilikuwa inakopa kwa riba iliyopita asilimia 16 mwaka huo. Sasa jiweke kwa kiti cha meneja wa benki wakati huo. Serikali inakupa asilimia 16 na haikimbii usiku. Kijana wa Kegogi anataka shilingi 200,000 anunue mashine ya kusaga. Utampa nani? Ndio maana biashara ndogo haikui, na ambayo haikui haiajiri mtu wa pili.

Hapa Muislamu ana jambo la kusema ambalo wengine hawalisemi kwa nguvu. Sisi tumekatazwa riba, tunaikataa hata kwa simu, wengine hatugusi mikopo ya mtandao hata tukilala njaa. Lakini Julai 2023 ushuru wa mafuta ya gari ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, nauli ikapanda. Unapolipa hiyo nauli unasaidia kulipa riba ambayo hukukopa, kwa pesa ambazo hukuziona zikifanya kazi. Riba imekatazwa kwa sababu inamkamua asiye nacho. Mimi naona bajeti ya Kenya ni somo tosha la fiqhi ya riba, na ningependa kuisikia kwa khutba mara moja kwa mwaka, hata dakika tano.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi. Bila kipande huna PIN ya KRA, huna laini ya simu kwa jina lako, hupati kazi wala zabuni. Ndugu zetu Wanubi wako Kisii mjini tangu enzi za mkoloni, na vijana wao kwa miaka mingi wamekuwa wakiitwa mbele ya kamati kuhojiwa kama ni Wakenya, wakati jirani yake Mkisii anachukua kipande bila maswali. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya inawakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hilo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Alhamdulillah. Lakini yule aliyecheleweshwa miaka minne, umri wa kuandikishwa kazi ukampita, nani atamrudishia? Tukisema ukosefu wa kazi ni wa vijana wote, ni kweli, lakini wengine hufungiwa mlango hata kabla ya kufika kwa foleni.

Turudi kwa yule anayetuambia rizki iko kwa Allah. Iko kwake, hatubishani. Anapenda pia kutusimulia yule Answari aliyekuja kuomba kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaambiwa aende akakate kuni. Ni kisa kizuri, lakini hukisimulia nusu. Kisimulie chote. Mtume alimuuliza kwanza ana nini nyumbani. Akaviuza vile vitu viwili mbele ya watu, kwa mnada wa wazi, mpaka bei ikafika dirham mbili. Moja ikanunua chakula cha familia, ili mtu asianze kazi na njaa. Nyingine ikanunua shoka, na Mtume akaiwekea mpini kwa mkono wake mwenyewe. Akampa siku kumi na tano, akarudi na dirham kumi. Mtaji bila riba, chakula wakati wa kuanza, kifaa kilicho tayari, na kiongozi anayefuatilia. Na msitu ulikuwa wazi, hakuna askari wa kaunti anayeomba risiti. Kijana wa Marani anaambiwa akate kuni. Shoka hajapewa.

Sasa tufanye nini? Kwanza tusikae tukingoja Saudia. Dada zetu wengi wameenda na wanatuma pesa, Allah awahifadhi, lakini serikali inayojivunia kusafirisha vijana wake inakubali kwamba nyumbani imeshindwa.

Pili, tuchukue kilicho chetu tukijua ni kidogo. Hazina ya Uwezo haina riba, ina ada ya asilimia 3 ya usimamizi, na inapewa vikundi kupitia ofisi ya eneo bunge. Muulize sheikh wako kuhusu hiyo ada kabla ya kusaini. Hasla Fandi ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, hiyo jibu lake unalijua. NYOTA ni ruzuku ya shilingi 50,000, ilipangwa kwa angalau vijana 70 kwa kila wadi. Kitutu Chache Kaskazini tuko na wadi nne: Monyerero, Sensi, Marani na Kegogi. Hiyo ni kama watu 280. Hongera kwa waliopata, lakini hesabu waliobaki nje.

Tatu, na hapa ndipo nataka nguvu zetu ziende: bajeti ya kaunti. Kila mwaka kufikia Februari 28 kaunti lazima iwe imepeleka bungeni mpango wake wa matumizi, na kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe. Sheria inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka pia angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Wanubi wangapi wako kwa hiyo orodha Kisii? Na bili ambazo hazijalipwa? Kaunti zote kwa pamoja zina madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa watu waliowauzia bidhaa na huduma. Ndani yake kuna vijana waliopewa zabuni ya asilimia 30, wakakopa, wakaleta mali, mpaka leo wanazungushwa. Kijana kama huyo alijiajiri kama alivyoambiwa, na serikali iliyomwambia ndiyo imemfilisi.

Kwenye vikao vya kukusanya maoni ya bajeti huwa wanakuja wazee na wanaongoja soda. Twende sisi, kina dada pia, na maswali yaliyoandikwa. Kahawa imetengewa ngapi mwaka huu na ni faktari gani ya huku itarekebishwa? Wangapi wameajiriwa na kaunti mwaka uliopita, kutoka wadi gani? Vijana wangapi wanadai na wanadai ngapi?

Wakikataa kujibu, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Karatasi moja, jina lako, unachotaka kujua, nakala mbili. Ya pili wapige muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Picha ya hiyo nakala yenye muhuri itume kwa inbox ya ukurasa huu na utaje wadi yako, tutazipanga pamoja.