Seng'enge Ibaki Kwenye Picha

Wapiga picha wengi wa mandhari hapa Kenya wanaamini, na wanunuzi wa picha zao wanaamini hata zaidi, kwamba nchi hupendeza pale tu isipokuwa na alama ya mtu. Ukitoka Nairobi na kamera begani kuelekea Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, somo la kwanza utakalopewa na waliokutangulia ni la kukwepa. Kwepa nyaya za stima. Kwepa mabati, mnara wa simu, lori la mawe, punda wa mkokoteni wa maji. Tafuta pembe itakayobakiza nyasi, mgunga mmoja na wingu, na bahati ikikujalia, Kilimanjaro kwa mbali. Utakachoshindwa kukikwepa, ukifute jioni kwenye kompyuta.

Imani hii ni ya uongo, na huku Kajiado inatuumiza.

Nimesimama mara nyingi kando ya barabara ya Namanga, maeneo ya Kisaju, nikamsikia mpiga picha akimpazia sauti kijana anayechunga: "Bosi, sogeza ng'ombe kidogo, unaingia kwenye picha." Kijana husogea, tena kwa adabu. Yuko kwenye malisho aliyochungia babu yake, na anayemfukuza kafika alfajiri hiyo hiyo kwa gari. Sijui jambo jingine katika kazi yetu linalonikera kuliko hilo. Ng'ombe wale na fimbo ile ndiyo sababu ya nyasi kuwa vile zilivyo, nao ndio wanaoambiwa wameharibu mandhari.

Chukua nyasi zenyewe. Katika mbuga za Athi-Kaputiei, zinazoteremka kusini kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, tunapenda sana yale maeneo wazi yenye majani mafupi ya kijani katikati ya migunga midogo, ile yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, upepo ukivuma vinapiga mluzi. Swala hupenda kusimama pale, na fremu hutulia. Ukienda kwa miguu utakuta baadhi ya maeneo hayo ni duara kabisa. Ni mahame. Palikuwa na boma. Watafiti waliochunguza mahame ya aina hiyo huko Laikipia walikuta kwamba samadi ya zizi huacha rutuba inayodumu kwa miongo kadhaa baada ya wenyewe kuhama, na wanyama hurudi pale pale kula. Kwa hiyo mpiga picha anayelifuta boma lililo nyuma ya swala anabakiza kazi ya boma na kumficha aliyeifanya.

Hata ule uwazi tunaousifu una wenyewe. Hifadhi ya Nairobi ilitangazwa mwaka wa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini, kwenye mto Empakasi, haikuwekewa uzio ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kwenda kulisha mbugani. Kuanzia mwaka wa 2000 ulianzishwa Kitengela mpango wa kuwakodisha wenye ardhi: aliyekubali kutozungushia uzio alilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Nenda kamwonyeshe mtu picha ya machweo ya mbuga hiyo kama "nyika isiyoguswa", ilhali uwazi ule ulijadiliwa kikaoni, ukatiwa saini, na familia ikala na kulipa karo kwa malipo yake.

Kwingine uwazi ulipatikana kwa nguvu. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Wamaasai Laikipia ukawasukuma kwenye hifadhi ya kusini, ambayo sehemu yake ndiyo Kajiado ya leo. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913 kesi yao ilitupwa. Amboseli ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1974, wafugaji waliokuwa wakinywesha mifugo kwenye vinamasi vyake walitakiwa kutoka. Tembo, kinamasi na Kilimanjaro bila ng'ombe hata mmoja: tumeipiga picha hiyo mara elfu tukidhani tunapiga kazi ya Mungu, kumbe tunapiga na uamuzi wa serikali.

Isitoshe, wanaoishika imani hii hawaifuati. Ni picha gani ya Hifadhi ya Nairobi inayouzwa kuliko zote? Twiga mbele, maghorofa nyuma. Lenzi ndefu ya milimita 400 huyavuta majengo ya Upper Hill yakaonekana yamemkalia twiga mgongoni, na hakuna anayelalamika kwamba mandhari imeharibika. Mitambo ya upepo kwenye vilima vya Ngong hupigwa picha kila jua linapochomoza. Daraja refu la reli linalokatiza hifadhi, lililoanza kupitisha treni za kwenda Suswa Oktoba 2019, lina mashabiki wake. Basi alama ya mtu inaruhusiwa, mradi iwe ya vioo na zege, na ya mkubwa. Kinachofutwa ni mabati ya mama aliyenunua ploti ya hamsini kwa mia kwa mkopo wa sacco. Kinachofutwa ni boma la kinyesi cha ng'ombe na nguo zilizoanikwa kwenye waya. Tuseme ukweli wenzangu, tunaona haya kwa watu wa kawaida, na haya hiyo tumeiita sanaa.

Kufuta kwenyewe kumekuwa rahisi mno. Zamani ilikuwa kazi ya usiku kucha. Tangu simu ya Google Pixel 6 ilipotoka mwaka wa 2021 na zana yake ya kufuta kwa kidole, mtu yeyote anaweza kumwondoa mchungaji mbugani akiwa bado kwenye matatu.

Angalia sasa picha hizo zinafanya kazi gani zikishatoka mikononi mwetu. Ranchi za vikundi za Kajiado, zilizoundwa kwa sheria ya 1968, zilianza kugawanywa kuwa mali za watu binafsi miaka ya 1980. Viwanda vya Athi River vilivuta wafanyakazi, wafanyakazi wakatafuta nyumba, na sensa ya 2019 ikahesabu watu 154,436 Kitengela peke yake. Kila bango la ploti kwenye barabara ya Namanga lina picha moja: nyasi, mgunga, anga, pengine mlima. Dalali hakuipiga. Tumempigia sisi. Imani yetu kwamba nchi nzuri ni nchi tupu ndiyo lugha anayouzia, kwa kuwa inamwambia mnunuzi kwamba hapa hapana mtu, hapana njia ya ng'ombe, hapana mapito ya nyumbu. Leta bikoni zako na seng'enge yako. Nyumbu wa mbuga hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Ukizitafuta picha za mandhari za miaka hiyo ili uone seng'enge ilianza wapi na ilifika lini, utahangaika, maana waliokuwepo na kamera walikuwa wakiikwepa.

Najua jibu nitakalopewa: watu wanataka uzuri, na seng'enge si nzuri. Anayesema hivyo hajaitazama. Asubuhi ya mwezi wa tano, udongo mweusi ukiwa umelowa na kunata kwenye buti, umande hujipanga kwenye waya tone kwa tone, na jua likitokea nyuma yake kila mwiba hushika nuru. Ukipiga magoti, lenzi pana ikiwa karibu na nguzo ya kwanza, mstari wa waya hulivuta jicho moja kwa moja hadi upeo. Kwenye miiba utakuta manyoya: ya kondoo, mara nyingine ya pundamilia, meusi na meupe. Kuna mahali waya wa chini umepindwa juu, ardhi iliyo chini yake imesuguliwa ikang'aa. Hapo ndipo ndama na mbwa hupita, na watoto wa shule pia. Anayetaka umbo, mwanga na mdundo wa mistari atavipata vyote katika hatua kumi.

Ni kazi ngumu, hilo nalikiri. Mbuga imelala tambarare, na ukiwa chini huoni ploti zilivyokatwakatwa. Droni ingesaidia, lakini inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na ridhaa ya wanaoishi chini yake. Mara nyingi dawa ni kumwomba mlinzi wa mjengo akuruhusu kupanda ghorofa ya tatu isiyomalizika, alasiri, vivuli vya nyua vinaporefuka na kuchora ramani yote juu ya nyasi. Dawa nyingine ni kurudi mahali pale pale masika na kiangazi. Ukame wa 2022, ambao serikali ilisema uliua tembo 205 na nyumbu 512 nchini kati ya Februari na Oktoba, haukuonekana kwenye picha moja ya machweo. Ulionekana kwa aliyekuwa na picha ya bwawa lile lile likiwa limejaa.

Kuna mtego mwingine, nao unawanasa wale wanaojiona wameshaikana imani hii. Ni kuipiga seng'enge kama adui na mabati kama ugonjwa. Huko ni kumrudishia mtu wa kawaida aibu ile ile kwa mlango wa nyuma. Aliyelipa kodi ya nyumba Nairobi kwa miaka, akajibana, akanunua ploti, ana haki ya kuzungushia alichonacho, na uzio wake ni furaha yake. Mchungaji aliyefungiwa njia ya maji na uzio huo ana haki ya kukasirika. Picha inayostahili jina la mandhari ya Kitengela lazima iwatoshe wote wawili ndani ya fremu moja. Hapo ndipo ujuzi wetu unapopimwa, na wengi wetu hatujaujaribu.

Wapo waliojaribu kwingineko. Ansel Adams, ambaye picha zake za Yosemite zimetufunza wote kupenda milima mitupu (na Yosemite nayo wenyeji wake walifurushwa na askari mwaka wa 1851), alikwenda Manzanar mwaka wa 1943 kuwapiga picha Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini chini ya milima ya Sierra Nevada. Milima ni mizuri vile vile, na watu wapo. Mwaka wa 1975 maonyesho ya New Topographics huko Rochester, New York, yalitundika ukutani nyumba za mitaa mipya na maegesho ya magari, yakabadilisha fani nzima. Na Nick Brandt, aliyejipatia jina kwa tembo wa Amboseli, alitoa mwaka wa 2016 kitabu cha Inherit the Dust, ambamo picha za wanyama zenye ukubwa wao halisi zimesimamishwa kwenye majalala na machimbo. Jalala halikufichwa, na nguvu yote ya picha imetoka hapo.

Naomba basi kwa wanaoendesha mashindano ya picha, wahariri wa majarida na serikali ya kaunti inayochapisha kalenda na vipeperushi vya utalii: mtakeni mpiga picha aandike chini ya kila picha ya mandhari mahali, mwezi, mwaka, na kila alichokifuta. Atakayefuta na kukiri apewe nafasi yake kwenye kundi la wachoraji, maana kuchora si dhambi. Na atakayeleta Isinya bila uzio, bila nguzo ya stima na bila mtu, aambiwe aonyeshe faili ghafi kabla ya kupewa zawadi.