Neno «uzee» liondoke katika nasaba yetu

Jamaa zangu wapenzi, katika kurasa hizi tumeiandika nasaba yetu kwa fahari: nani alimzaa nani, nani alisafiri kwa jahazi gani, nani alizikwa wapi. Lakini kuhusu miaka ya mwisho ya babu, ya ami yangu mkubwa na ya shangazi, tumeandika neno moja tu: «uzee». Nilikuwa karani kwa miaka thelathini na miwili, na daftari lililojazwa kwa uvivu nalijua. Neno hilo ni la uvivu, nami nalipinga.

Ami alianza kwa kutembea hatua fupi fupi, kama apitaye juu ya sakafu yenye maji. Kisha akawa mzito wa kujibu. Ukimwamkia, jibu lilikuja umekwisha kaa kitako. Hakupooza upande. Sisi tukasema uzee. Wengine wakanong'ona husuda, akanyweshwa kombe. Presha yake ilikuwa juu miaka na miaka, na vidonge alimeza siku alizoumwa na kichwa tu.

Mimi nilifumbuliwa macho Guangzhou, mji ambao wasafiri wa Kiarabu waliuita Khanfu zaidi ya miaka elfu iliyopita, na ambako leo vijana wetu huenda kununua bidhaa mtaani Xiaobei. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu. Nikajikwaa mara mbili ngazini, naye akanipeleka hospitali bila ya kuusikiliza ubishi wangu. Nilifungwa mikanda mikononi na kwenye vifundo vya miguu, ipimwe kasi ya pigo la damu mwilini. Kisha ubongo ukapigwa picha. Palikuwa na madoa meupe. Daktari, kijana wa rika la mwanangu, hakutamka uzee. Alisema: mishipa.

Mshipa mkuu utokao moyoni, ujanani hutanuka kila moyo unapopiga, ukaupunguza ukali wa lile pigo. Miaka ikizidi, na presha ikiachwa bila ya tiba, hukakamaa. Hapo pigo hukimbia kwa kasi na nguvu zake zote hadi kwenye ubongo, ambao hupokea damu nyingi usiku na mchana. Mishipa yake midogo, myembamba kuliko uzi wa kushonea, huwa minene kuta na finyu ndani, na sehemu inazozilisha zikakosa damu ya kutosha. Ndiyo madoa yale. Huongezeka kimya kimya, bila ya maumivu, na mara nyingi huanza kuchukua mwendo, wepesi wa fikra na uwezo wa kuamua, kabla ya kumbukumbu za zamani. Ami aliisoma Yasini yote kwa moyo, lakini alishindwa kuamua avae kanzu ipi.

Najua nitajibiwa kuwa hii ni kadari, na kwamba mishipa ya kila mzee hukakamaa. Kweli, umri hukakamaza; lakini presha huharakisha, na presha ina dawa. Katika utafiti wa Marekani uitwao SPRINT, ambao matokeo yake ya ubongo yalitolewa 2019, waliolenga kushusha namba ya juu chini ya 120 madoa yao yaliongezeka kidogo kuliko ya waliolenga chini ya 140. Hayakufutika, yalipunguziwa mwendo. Na huko huko China, katika vijiji 600 vya kaskazini, nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Kwa muda wa miaka mitano hivi, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. (Mwenye maradhi ya figo asiijaribu bila ya daktari.) Sisi tunakula ng'onda na achari, kisha tunaongeza chumvi mezani kabla ya kuonja!

Basi nimeongeza safu mpya katika daftari la nasaba, na kila aliyetimia miaka arubaini ataniletea namba zake mbili, ya juu na ya chini. Pengo likiwa kubwa kati yake kwa mtu mzima wa makamo yangu, ni dalili ya mishipa iliyokakamaa. Yangu nimeiandika kwanza: 158 kwa 68, vidonge kila siku, madoa yapo. Kwenye mstari wa ami nimelikata lile neno kwa wino mwekundu.