Leseni haivuki mpaka peke yake

Katika vijiji vya pwani ya Tanga, Mwera kikiwa kimojawapo, udereva umehesabiwa tangu zamani kuwa kazi ya heshima. Kijana alianza kwa kuwa utingo wa lori la mkonge au la nazi. Aliosha gari, akapakia na kupakua, akaweka gogo nyuma ya gurudumu kilimani, na huku akijifunza gea kwa kumtazama mwenye usukani. Siku alipoipata leseni, ukoo mzima ulijivuna. Leo leseni hiyo imezaa matumaini mapya. Kijana akiisha kuitia mfukoni, haitazami tena barabara ya Pangani. Anatazama Mombasa, Kigali, Muscat na London.

Hakuna ubaya katika kutafuta riziki mbali. Watu wa pwani hawakuanza leo kuvuka bahari. Ubaya umo katika imani iliyoenea kwamba leseni iliyotolewa nyumbani ni ufunguo wa kila gari duniani. Imani hiyo ina gharama. Wazee huuza ng'ombe au kuweka minazi rehani ili kijana apate nauli, naye akifika ugenini huambiwa akae kwenye kiti cha mwanafunzi. Fedha za masomo hana, na deni la nyumbani linamngoja. Yafaa basi tuelezane ukweli kabla minazi haijawekwa rehani.

Kwanza, kipo kile kibali cha kimataifa cha udereva kinachotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949. Wengi hukidhania kuwa leseni kubwa kuliko ya nyumbani. Sivyo. Kibali hicho ni tafsiri tu ya leseni ya nyumbani. Hakina nguvu pasipo leseni yenyewe, na muda wake ni mwaka mmoja. Kiliwekwa kwa ajili ya mpita njia, hakikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyekwenda kukaa na kufanya kazi.

Pili, kila nchi ina sheria yake. Nchini Uingereza, mgeni aliyehamia huko akiwa na leseni ya Tanzania huruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12. Muda huo ukipita, hana budi kuchukua leseni ya mwanafunzi na kufanya mtihani sawasawa na kijana wa huko mwenye umri wa miaka 17, hata kama yeye ameshika usukani miaka 20. Jaribio la udereva limekuwa la lazima huko tangu mwaka 1935, na mwaka 1996 uliongezwa mtihani wa nadharia. Mtihani huo una maswali 50, na asiyepata 43 haruhusiwi kufika kwenye jaribio la barabarani. Na ikumbukwe kwamba Waingereza hupita kushoto kama sisi!

Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, leseni hutolewa na Polisi ya Kifalme. Mwanafunzi hupimwa kwa kurudisha gari kinyumenyume kati ya mapipa, kwa kulisimamisha mlimani na kuliondoa bila kuserereka, kisha hupimwa barabarani mbele ya askari. Na huko magari hupita kulia.

Wapo wanaoona kwamba kupimwa upya ni kudharauliwa. Mtu wa Mwera asingepaswa kuona hivyo. Kwa miaka mingi, dereva aliyetoka Mwera kwenda Tanga mjini alifika Bweni akavuka Mto Pangani kwa pantoni. Gari ni lake, leseni ni yake, lakini kwenye pantoni alifuata ishara za mkono wa mhudumu: sogea, simama, kata kushoto, zima. Hakuona aibu, maana alijua kwamba pale pana utaratibu mwingine na kwamba kosa lake lingewazamisha wote. Barabara ya nchi ngeni ni kama pantoni hiyo.

Wala hatari hii haingoji mtu avuke bahari. Mzigo utokao bandari ya Tanga au ya Dar es Salaam kwenda Kigali huvuka Mto Kagera pale Rusumo, na ng'ambo ya daraja dereva wetu huanza kupita kulia. Usukani wa lori lake uko kulia, kwa hiyo sasa amekaa upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita gari lililo mbele, haoni kinachokuja mpaka sehemu ya lori lake imekwisha kujitokeza katikati ya njia. Kwenye mzunguko, magari ya kwetu hufuata mwendo wa mishale ya saa. Ya huko huzunguka kinyume chake. Mtu akiwa na utulivu huyakumbuka yote hayo. Lakini mtoto akikatiza ghafla, mkono hurudi kwenye mazoea, na mazoea ni ya kushoto.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Aliyejifunza nyumbani kwa haki hufundishika upya, kwa sababu anao msingi: anajua kukadiria mwendo, kutazama kioo, kutii alama na kuheshimu mwenye miguu. Kwake kubadili upande ni kazi ya mazoezi. Lakini aliyeipata leseni kwa mlango wa nyuma hana cha kubadili. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mtu apimwe ndipo aruhusiwe kuendesha. Anayeikwepa kwa bahasha hajiaibishi peke yake mbele ya askari wa kigeni; anaishusha thamani leseni ya kila Mtanzania aliyeipata kwa jasho.

Hatuna budi basi kuchukua hatua. Wazazi na vijana waulize mapema masharti ya nchi wanayoiendea, na gharama ya kujifunza upya ihesabiwe pamoja na nauli. Vyuo vya udereva viwafundishe madereva wa masafa marefu, kwa vitendo, namna ya kupita kulia. Tena, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia nchi wanachama kutambuliana sifa za kitaaluma. Dereva anayebeba chakula na mafuta ya nchi hizo asiachwe nyuma ya mhandisi na mhasibu. Nchi hizi zikubaliane juu ya mafunzo na vipimo, ili leseni ya nchi moja iaminiwe na nyingine.

Lakini hakuna mkataba utakaoweza kumpa mtu ujuzi asiokuwa nao. Kijana wa Mwera anayetaka leseni yake iheshimiwe Muscat au Kigali, na aanze kwa kustahili kuheshimiwa nayo hapa hapa Pangani.