"Nimepona": Kitenzi Kimoja katika Historia ya Uamsho wa Kipentekoste

Wanahistoria wa dini wameandika mengi kuhusu uamsho wa Kipentekoste na huduma ya uponyaji katika Afrika Mashariki, na aghalabu wameyaandika kwa Kiingereza. Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumelipita suala hilo kando kana kwamba si letu. Maoni yangu ni kwamba ni letu, kwa sababu katika kiini cha historia hiyo pana neno ambalo maelfu ya wagonjwa walilitamka kwa Kiswahili mbele ya umati: "Nimepona." Anayelifasiri neno hilo vibaya ataiandika historia vibaya. Tena si historia tu inayoumia. Mimi mwenyewe niliwahi kulifasiri vibaya, na nitaeleza kilichotokea.

Simulizi iliyozoeleka huanzia mbali. Mnamo Aprili 1906, mjini Los Angeles, Marekani, William Seymour, mhubiri Mweusi ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alianza kuongoza mikutano katika jengo kuukuu la mtaa wa Azusa. Watu walinena kwa lugha, wagonjwa wakawekewa mikono, na katika muda mfupi habari hizo zikavuka bahari. Mwaka huo huo Waadventista walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Hao walikuja na mahubiri ya afya, na hatimaye hospitali. Upentekoste ulijikita zaidi Nyang'ori, kaskazini mwa Kisumu, ambako Otto Keller na mkewe Marian walifanya kazi katika miaka ya 1920 chini ya kanisa la Pentecostal Assemblies of Canada. Zakayo Kivuli, aliyekuwa msimamizi wa shule za misheni hiyo, alipata tukio lake la kujazwa Roho mwaka 1932, na miaka 10 baadaye akaanzisha kanisa la African Israel Church Nineveh. Kwa Waluo, vuguvugu la Roho lilikuwa limekwisha kumpoteza kiongozi wake, Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa Musanda mnamo Januari 1934. Kisha, katika mwaka 1963, Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko wakaongoza maelfu ya watu wa Nyanza Kusini kutoka katika Kanisa Katoliki na kuunda Legio Maria, ambao mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko Migori. Si wote hawa walikuwa Wapentekoste, na Legio hawajawahi kujiita hivyo. Hata hivyo, wote waliwaombea wagonjwa hadharani na wote walitarajia mgonjwa aseme jambo baada ya kuombewa.

Upande wa kusini palikuwa na mkondo mwingine. Uamsho ulioibuka Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na mwaka 1942 ukawafikia Wamenoni wa Shirati, kando ya Ziwa. Uamsho huu ulisisitiza toba kuliko uponyaji, lakini ndio uliotuachia neno "mlokole", lililotoka katika Kiganda likiwa na maana ya aliyeokoka, na ndio uliowazoeza watu wa kawaida kusimama na kutoa ushuhuda. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya mchungaji na kuyasimulia maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mchungaji akanyamaza.

Kegonga iko baina ya mikondo hiyo miwili. Ni mji mdogo wa Kuria Mashariki, katika nchi ya Wanyabasi, na Wanyabasi wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Nilizaliwa na kulelewa karibu na mji huo, katikati ya mashamba ya tumbaku na mahindi. Kwetu Kiswahili hakikuwa lugha ya shule pekee. Kilikuwa lugha ya soko, ya redio kutoka Tanzania, na ya Biblia. Kwa miongo mingi Wakuria walisoma tafsiri ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 kabla ya kupata Agano Jipya katika Kikuria. Mhubiri aliyetoka Tarime, Kisii au Nairobi alisikika kwa Kiswahili, iwe kwa kinywa chake au cha mkalimani.

Kuhusu wakalimani nina dukuduku la siku nyingi. Mwaka 1957 mhubiri Mmarekani T. L. Osborn alifanya mkutano mkubwa wa uponyaji Mombasa. Kijana Joe Kayo, ambaye baadaye alianzisha Deliverance Church, alisimulia mara nyingi kwamba alipona katika mkutano huo. Jina la Osborn tunalijua. Jina la Kayo tunalijua. Lakini umati wa Mombasa ulisikia maneno ya nani? Mhubiri anapotumia lugha ambayo wasikilizaji wengi hawaifahamu vyema, mahubiri yanayowafikia ni ya mkalimani: uteuzi wake wa maneno, kasi yake, hata makosa yake. Linganisha na Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliyeendesha mikutano ya maombi na uponyaji nchini Tanzania kuanzia mwaka 1972 hadi kufariki kwake mwaka 1975. Yeye hakuhitaji mtu wa kumsemea Kiswahili. Hizi ni hali mbili tofauti kabisa za mawasiliano, na inashangaza kwamba vitabu vya historia huziweka katika sura moja bila kuitaja tofauti hiyo.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe. "Kupona" kina angalau maana mbili zilizo hai. Ya kwanza ni kutoka katika ugonjwa na kuwa mzima. Ya pili ni kunusurika: aliyetoka salama katika ajali hupona ingawa hakuwa mgonjwa, na aliyekoswakoswa na risasi huponea chupuchupu. Mwana Kupona, mshairi wetu wa Pate aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alibeba kitenzi hiki katika jina lake. Watafsiri wa Union, wanapotaja agizo la kuwaponya wagonjwa katika Injili ya Mathayo, walitumia "kupoza", kitenzi ambacho mwanafunzi wa leo hukihusisha zaidi na chai. Walipofika kwenye karama katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, walitumia "kuponya". Wahubiri waliachana na "kupoza" na wakashika "kuponya". Waliepuka pia "kuganga", kwa sababu zinazoeleweka. Hata hivyo, mtu wa Kegonga anayesikiliza redio ya Tanzania husikia "mganga mkuu wa wilaya" akitajwa kwa heshima zote, naye ni daktari wa hospitali, ilhali kwa Mkenya wengi "mganga" ni yule wa hirizi na ramli. Katika mji wa mpakani, neno hilo moja lingeweza kumpeleka mgonjwa kwenye mlango usiotarajiwa.

Lakini fumbo kubwa zaidi liko katika kiambishi -me-. Tumefundishwa kwamba huonyesha hali timilifu: tendo limekwisha na matokeo yake yapo. Mbona basi mtu akimwona nyoka hupiga kelele, "Nimekufa!", naye yu hai na miguu yake inakimbia? Mbona utingo wa matatu hutangaza, "Tumefika!", kilomita nzima kabla ya kituo? Wazungumzaji wa Kiswahili hutumia -me- kwa jambo wanaloliona haliepukiki, kana kwamba limekwisha kutukia. Hicho ndicho alichokifanya mgonjwa aliyesimama kwenye jukwaa la uamsho na kusema, "Nimepona." Hakuwa akitoa ripoti ya daktari. Alikuwa akitamka "nimekufa" kwa upande wa pili, upande wa tumaini. Na huenda mwingine alimaanisha tu kwamba amenusurika: ameokolewa na upweke, na hofu ya kurogwa, na kitanda ambacho hakuna aliyekuja kuketi kando yake. Mmisionari aliyeandika kwa Kiingereza kwamba fulani ameponywa alichukua maana moja na kuziacha nyingine. Naye mpinzani aliyecheka baadaye kwamba fulani hakupona alikosea vilevile, kwa kuwa naye alichukua maana ile ile moja.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 2011, ule ule ambapo watu wa pande zote za mpaka walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania, mhubiri mgeni alikuja kwetu kufanya mkutano wa injili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja chuo, na Kiingereza changu kilisifiwa kijijini kuliko kilivyostahili. Nikaitwa nikalimani. Kazi ile haina nafasi ya kufikiri. Mhubiri akimaliza kishazi, wewe umekwisha kuchelewa. Akipaza sauti, sharti upaze yako. Alipofika kwenye maombi alitamka sentensi ambayo, kwa tafsiri sisisi, ilisema kwamba Mungu anaanza kuigusa na kuiponya miili ya watu. "Anaanza kuponya" ilinijia mdomoni ikanionekea dhaifu, haina mapigo. Nikasema, "Umepona! Sema nimepona!" Uwanja ukalipuka. Mhubiri, ambaye hakujua nilichosema, alidhani nguvu ile imetokana na maneno yake, akaendelea kwa ari zaidi.

Katika safu ya mbele alikuwa mama yangu mdogo. Alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida hunywewa miezi 6. Kikohozi kilikuwa kimepungua, kama kinavyopungua kwa wengi katika kipindi hicho, kwa sababu dawa huua haraka sehemu kubwa ya vijidudu na kuacha wachache wagumu. Alisimama akasema, "Nimepona." Kesho yake hakwenda kuchukua vidonge. Aliporudi hospitalini, takriban mwaka mmoja baadaye, vijidudu vilikuwa vimeshakuwa sugu. Akatibiwa kwa miezi 20, na katika miezi ya mwanzo alidungwa sindano kila siku. Sindano hizo zilimwokoa, na zikampunguzia usikivu wa masikio yote mawili. Leo ukizungumza naye sharti umkabili usoni.

Sijawahi kumsikia akimlaumu mhubiri, wala mimi. Ninachokisikia ni ushuhuda wake, ambao umebadilika. Zamani ulikuwa na umbo tulijualo sote: salamu, ugonjwa, kukata tamaa, maombi, "nimepona", wimbo. Sasa baada ya "nimepona" hapafuati wimbo. Hufuata kurudi nyumbani, kikohozi kilichorejea usiku, safari ya hospitali, muuguzi aliyemkemea, sindano, ukimya masikioni. Humchukua karibu nusu saa, na wazee wa kanisa wamejaribu mara kadhaa kumwomba afupishe.

Hapa ndipo ninapoona kazi yetu. Tunauainisha ushairi, tunazihesabu vina na mizani, tunazikusanya methali zilizokwisha kukusanywa mara 20. Ushuhuda wa uponyaji, utanzu unaotambwa kila Jumapili katika pembe zote za nchi, hatuuhesabu kuwa fasihi simulizi. Una fomula, una hadhira inayoitikia, una watambaji mahiri na wabovu. Una pia kasoro moja ya kimuundo ambayo ni hatari kwa maisha: hukatika pale kwenye kilele. Yaliyotukia mwezi uliofuata hayamo. Mtafiti anayerekodi ushuhuda na kuuzima mtambo wimbo unapoanza amerudia kosa hilo hilo.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivi ni kuihukumu imani ya watu. Sioni. Kumwuliza mtu, "Kisha ikawaje?" ni swali ambalo kila mtambaji wa hadithi huulizwa na wajukuu. Baada ya Shakahola, Kilifi, ambako kuanzia mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini ilifukuliwa msituni, ni vigumu kwangu kukubali kwamba kuyachunguza maneno ya mimbari ni ufidhuli. Wengine watasema kinyume, kwamba shuhuda hizi ni ujinga usiostahili karatasi. Hao ningewaomba waeleze kwa nini miujiza ya tenzi za kale inastahili mtihani wa mwisho wa muhula, lakini miujiza ya bibi zao haistahili hata dakika 10 za kinasa sauti.

Wale walioombewa wakiwa vijana katika miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee. Wakalimani wao wako katika rika hilo hilo, nao ndio hasa ningependa watafutwe kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza walichagua vitenzi gani na kwa nini. Likizo ndefu inakaribia na wengi wetu tutarudi nyumbani. Swali moja la kuanzia laweza kuwa hili: mhubiri aliposema vile, wewe ulisemaje?

Mama yangu mdogo amekwisha kukubali kurekodiwa. Ameweka masharti mawili: nikae mbele yake auone mdomo wangu ninapouliza, na nisimkatize atakapofika kwenye sindano.