Kompyuta za shule za vijijini tusizitupe



Natoa maoni yangu juu ya kompyuta zinazoletwa katika shule za vijijini, hasa juu ya kile kilichomo ndani yake. Wengi wetu tukipewa kompyuta huuliza kama ni mpya au ni ya mtumba, na kama inawaka. Ni wachache wanaouliza inaendeshwa na mfumo gani, leseni yake iko wapi, na mfumo huo utaendelea kutengenezwa hadi lini. Mimi mwenyewe sikuuliza. Haya ninayoyasema nayasema kama mtu aliyekwisha kujikwaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Shule yetu ina kompyuta sita za mezani, zote za mtumba, tulizopewa na watu wema. Siku zilipofika tulizipokea kwa ngoma. Mzee mmoja wa kamati ya shule aliuliza kama hazitakula umeme kuliko mashine ya kusaga, nami nikamjibu kwamba hazili kitu. Wakati ule nilikuwa bado sijajua habari ya bando.

Kwa wale wasiofahamu, mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Bila huo kompyuta ni sanduku tu. Katika kompyuta za mezani, mifumo inayoshindana hapa kwetu ni miwili. Upo Windows wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, ambao huuzwa. Na upo Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Ufini, ambao hutolewa bure na mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuugawa na hata kuubadili. Kuna na ule wa kompyuta za Apple, lakini hizo sijaziona katika shule yoyote ya kijiji, kwa hiyo nauacha.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft waliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10, ambao ndio uliomo katika kompyuta nyingi za mtumba. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, kama baadhi ya watu walivyotishana. Kilichokoma ni viraka vya kuziba matundu ambayo virusi na wezi hupitia. Anayetaka kupanda kwenda Windows 11 anatakiwa awe na mashine yenye RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha yao. Kwa mashine za Intel, kwa sehemu kubwa, maana yake ni prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta zetu zote sita ni za kabla ya hapo.

Lazima niseme haki. Mwenye mashine inayokubalika na leseni halali ya Windows 10 hupanda kwenda Windows 11 bila kulipa senti. Na kwa mashine zisizokubalika upo mpango wa kulipia matengenezo ya usalama kwa muda, ambao kwa shule bei yake imewekwa ndogo sana, ingawa hauzidi miaka mitatu. Kwa hiyo si kweli kwamba mlango umefungwa kabisa. Ila mlango huo una ufunguo, nao ni leseni.

Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Kompyuta zetu zilipoanza kusumbua, tuliita fundi, naye akatuwekea nakala ya mfumo ambayo haikulipiwa. Alitutoza shilingi elfu kumi kwa kila moja na sisi tukamshukuru kwa bei nafuu. Basi watu wanaposema Windows ni rahisi kwa kuwa kila mtu anao, waseme na ukweli kwamba wengi hatukuununua. Mwalimu anayemkanya mtoto asiibie mtihani, kisha akageuka na kuwasha nakala ya wizi mbele ya mtoto huyo huyo, ana kazi ya kujieleza.

Tungeamua kununua je? Windows 11 ya kawaida, huko Marekani, bei yake ni dola 139, yaani zaidi ya Sh. 300,000 za kwetu. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa kwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na vitabu vimo humo humo. Leseni ya kompyuta moja ni ruzuku ya mwaka mzima ya watoto zaidi ya thelathini. Sijui ni mwalimu mkuu gani atakayesimama mbele ya mkutano wa wazazi akaeleza matumizi hayo.

Sasa niseme juu ya uimara, maana bei siyo kila kitu. Siku moja mwezi Januari nilikuwa nimeiunganisha kompyuta ya ofisi na simu yangu ili nijaze taarifa za wanafunzi. Nilikuwa nimenunua bando la GB 3 kwa fedha yangu. Kabla sijafika nusu ya orodha ya darasa la pili, bando limekwisha. Kompyuta ilikuwa ikijishushia masasisho yake kimya kimya, na sikujua kwamba yapo mahali pa kuiambia kuwa mtandao huu ni wa kulipia, isubiri. Siku iliyofuata ilipoanza kuyaweka, ikatuandikia tusiizime. Sisi hatukuizima, bali mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Tangu hapo kompyuta ile haijaamka tena. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukuwa na kifaa cha kutunza umeme na hatukusoma maelekezo. Hata Linux ukiukatia umeme katikati ya kazi kama hiyo utaharibika vilevile, asidanganyike mtu.

Aliyetufungua macho ni kijana wa hapa kijijini anayesoma chuo kikuu, aliyekuja likizo akiwa na flashi mfukoni. Alituonyesha Linux wa aina iitwayo Mint, ambao huweza kuendeshwa katika mashine yenye RAM ya GB 2. Kwanza aliuwasha kutoka kwenye flashi yenyewe, bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, ili tuone kama mashine itaupokea. Jambo hili lilinifurahisha sana, kwani ni kama kuonja mboga kabla ya kuipakua. Tulipoona inakubali, tukaweka katika kompyuta tano. Gharama yake ilikuwa soda na nauli ya kijana. Mfumo huo hukuarifu kwamba yapo masasisho, kisha hukungoja wewe uamue. Nasi huyashusha mwisho wa mwezi, tukipata nafasi ya mtandao mzuri. Baada ya kuyaweka, mara nyingi kazi huendelea bila kulazimika kuzima na kuwasha.

Kuhusu matoleo mapya, Linux una aina nyingi na kila moja ina kalenda yake. Chukua Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la Kibantu na halihitaji kutafsiriwa kwa Mgogo wala Msukuma. Toleo lake la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, na hupata matengenezo ya bure kwa miaka mitano. Lililotoka Aprili 2024 litafika mwaka 2029. Mwaka huo ukifika tutachukua jingine, na hakuna atakayetuambia kwanza tutupe mashine, ilimradi bado ina nguvu ya kulibeba.

Wapo walimu wenzangu wanaosema Linux ni wa wataalamu. Hao nawakumbusha vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye vilikabidhiwa kwa walimu nchini. Mfumo wake ni Android, na kiini cha Android ni Linux. Mwalimu anayeuogopa amekuwa akiubeba mkobani.

Hata hivyo sikuandika barua hii kuusifu Linux tu. Matatizo yapo, na makubwa. Mafundi wengi wa mjini Dodoma niliowaendea wanajua Windows peke yake. Ukiwapelekea mashine yenye Linux, ushauri wao wa kwanza ni kuufuta. Majedwali tunayoletewa kutoka ofisini yametengenezwa kwa Excel, na tukiyafungua kwa LibreOffice baadhi ya safu huhama na hesabu nyingine hugoma. Bahati nzuri mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambao tunausajilia wanafunzi, hufunguliwa kwa kivinjari, kwa hiyo hauchagui. Na upande wa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mtoto wa shule ya msingi, mifumo yote miwili bado inatudai. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nao wakatoa sura ya Kiswahili kwa Windows. Leo mtoto wetu akiwasha Linux hukuta neno moja la Kiswahili na matatu ya Kiingereza. Kazi ile ilianza vizuri. Ningependa kuona vyuo vyetu vikiirudia.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote ni uhamisho. Hivi sasa shuleni kwetu mimi ndiye ninayejua kuiamsha kompyuta ikigoma. Nikihamishwa kesho, zile tano zitafuata njia ya ile ya sita. Kijijini kwetu tuliwahi kuwa na pampu ya kisima ya namna hiyo. Ilikuwa nzuri na maji yalikuwa mengi, ila ilipokatika kipande kimoja kilikuwa hakipatikani Dodoma nzima, na fundi aliyeifunga alikwisha kuondoka. Akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa korongo.

Nchi yetu ina somo la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ikaletwa ya aina nyingine, na kazi ya kuhamisha hesabu za Serikali kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili ikaleta mvurugo mkubwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nikiangalia ile kompyuta yetu ya sita naelewa hasira yao. Kubadili mfumo kabla ya kuandaa watu ni kutafuta lawama, hata kama mfumo mpya ni bora na ni wa bure.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kompyuta za mtumba zilizokataliwa na Windows 11 zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ziwekewe Linux, na shule ibaki na mashine moja yenye Windows halali kwa kazi za ofisi zinazoulazimu. Wanaotugawia kompyuta watuandikie katika hati ya makabidhiano ni mfumo gani uliomo, leseni ni ya nani na matengenezo yake yanakoma mwaka gani, kama vile dawa inavyoandikwa tarehe ya kuharibika. Halmashauri nazo zichague walimu wawili katika kila kata, siyo mmoja, wafundishwe kuiweka mifumo yote miwili kwa mikono yao. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kompyuta kwa kuchorewa ubaoni, na kipanya nilikishika mara ya kwanza nikiwa tayari nina cheti. Hapa Dodoma tunacho Chuo Kikuu ambacho wanafunzi wake wa kompyuta hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi hupenda ofisi za mjini. Wiki mbili kijijini zingewafaa, na chumba cha kulala tutawapa.

Mwisho nina ombi kwa wasomaji. Tunayo printa moja kongwe, ambayo chini ya mfumo wa zamani ilikuwa ikichapa mitihani ya shule nzima. Tangu tuweke Linux inavuta karatasi, inalia, kisha inaitoa nyeupe. Kama yuko mtu aliyewahi kukutana na jambo hili akalimaliza, naomba anijibu katika ukurasa huu huu. Mitihani ya muhula inakaribia, na hadi sasa tunaandika ubaoni.

Mwalimu wa Kijiji,
Chamwino, Dodoma.