Kuchagua Daktari, au Kuchagua Nauli?

Nilipokuwa likizoni Mamboya, mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, binti yangu hucheka ameziba mdomo. Nimpeleke kwa daktari gani akanyooshwe meno?" Nilimshauri atafute bingwa wa kupanga meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, tena aulize gharama yote tangu mwanzo, pamoja na kifaa cha kuyashikilia meno baada ya vyuma kutolewa. Vifuniko angavu vya plastiki havionekani sana, lakini mtoto sharti avivae takriban saa 22 kila siku.

"Na nauli je, Mwalimu?"

Nikanyamaza. Vyuma hukaa kinywani yapata miaka 2, na hurekebishwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Kwa mtu wa Mamboya, hizo ni safari zisizopungua 12 kwenda Kilosa, kisha Dar es Salaam, waliko mabingwa wengi.

Asiye na nauli hachagui. Meno yaliyobanana ni vigumu kuyasafisha, basi tusiite jambo hili urembo. Wizara ya Afya ipeleke bingwa Kilosa kila baada ya wiki 8, kwa tarehe zinazojulikana. Hapo ndipo ushauri wangu utakapokuwa na maana.